Miji katika sheria ya kimataifa

Miji katika sheria ya kimataifa ni mada inayohusu nafasi, haki na wajibu wa miji pamoja na serikali zake (halmashauri, manispaa na majiji) katika sheria inayotawala uhusiano kati ya nchi na nchi. Inahusu pia mchango wa miji katika kushughulikia mambo yanayogusa dunia nzima, kama vile tabianchi, wakimbizi, magonjwa ya mlipuko na amani.

Kwa kanuni, mji si mhusika wa sheria hiyo. Wahusika wake wa kawaida ni madola, yaani nchi zenye mamlaka kamili, na mashirika yaliyoundwa na madola hayo, kama Umoja wa Mataifa. Mkataba wa Montevideo wa mwaka 1933 unataja sifa nne za dola: wakazi wa kudumu, eneo lenye mipaka inayojulikana, serikali, na uwezo wa kuwa na uhusiano na madola mengine. Jiji kama Lagos au Tokyo lina sifa tatu za kwanza bila shaka, tena lina watu wengi kuliko nchi nyingi zenye kiti katika Umoja wa Mataifa. Linalokosa ni sifa ya nne.

Hata hivyo, tangu mnamo mwaka 2007 zaidi ya nusu ya watu wote duniani wanaishi mijini. Mwaka 1950 walikuwa karibu asilimia 30 tu. Kwa hiyo mengi yanayoahidiwa na serikali katika mikataba hutekelezwa, au hushindikana, katika miji: maji safi, makazi, usafiri, hewa, mapokezi ya wakimbizi. Swali linalojadiliwa na wanasheria ni hili: je, mji unaobeba mzigo wa mkataba unapaswa kuwa na sauti katika kuutunga, na unapoukiuka ni nani anayewajibika?

Historia

Hali haikuwa hivyo siku zote. Kabla ya dola za kisasa kuenea, miji mingi iliendesha yenyewe mambo yake ya nje. Venezia na Genova zilituma mabalozi na kupigana vita. Muungano wa Hansa, uliokusanya miji ya biashara ya Ulaya ya Kaskazini ikiongozwa na Lübeck, ulimshinda mfalme wa Denmark na kumlazimisha kukubali mkataba wa Stralsund mwaka 1370.

Pwani ya Afrika ya Mashariki nayo ilikuwa na miji ya namna hiyo. Kilwa ilipiga sarafu zake za shaba. Malindi ilipeleka twiga China kama zawadi kwa mfalme wa huko, akafika mwaka 1415. Vasco da Gama alipofika mwaka 1498, Mombasa ilimpokea kwa uhasama, lakini Malindi ilimkaribisha na kumpa rubani wa kumvusha hadi Uhindi. Miji hiyo imetengana kwa kilomita 120 hivi tu, ila kila mmoja ulikuwa na siasa yake ya nje, na ushindani kati yao ulichangia tofauti hiyo. Uhuru huo haukudumu: mwaka 1502 Kilwa ilitozwa kodi ya dhahabu kwa nguvu, na mwaka 1505 ilitekwa na Wareno.

Katika karne zilizofuata madola makubwa yaliimeza miji huru mmoja baada ya mwingine. Mji Huru wa Kraków, ulioundwa mwaka 1815, ulitwaliwa na Austria mwaka 1846. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, mji wa Danzig (leo Gdańsk nchini Poland) ulifanywa mji huru chini ya ulinzi wa Shirikisho la Mataifa tangu mwaka 1920 hadi uvamizi wa Ujerumani mwaka 1939. Ulikuwa na katiba, bunge na fedha zake, lakini mambo yake ya nje yaliendeshwa na Poland. Mji huo ulipotaka kujiunga na Shirika la Kazi la Kimataifa, Mahakama ya Kudumu ya Haki ya Kimataifa ilishauri mwaka 1930 kwamba usingeweza kuwa mwanachama bila mpango wa kuhakikisha kwamba Poland haipingi. Yaani mji wenye karibu kila kitu cha dola ulikwama palepale kwenye sifa ya nne, miaka mitatu kabla ya mkataba wa Montevideo kuiandika.

Majaribio mengine yalikuwa eneo la kimataifa la Tangier (1923-1956) na Eneo Huru la Trieste (1947-1954). Mpango wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1947 wa kuiweka Yerusalemu chini ya utawala wa kimataifa haukutekelezwa kamwe. Singapore na Monaco zinashiriki mambo ya kimataifa leo, lakini zinafanya hivyo kwa sababu ni dola, si kwa sababu ni miji.

Mji kama sehemu ya dola

Kwa sheria ya kimataifa, tendo la halmashauri ya mji ni tendo la dola. Vifungu kuhusu wajibu wa dola, vilivyokamilishwa na Tume ya Sheria ya Kimataifa ya Umoja wa Mataifa mwaka 2001, vinasema katika kifungu cha 4 kwamba chombo chochote cha dola kinahesabiwa, kiwe cha serikali kuu au cha sehemu ya nchi. Tena Mkataba wa Vienna kuhusu Sheria ya Mikataba wa mwaka 1969, kifungu cha 27, unakataza nchi kutumia sheria zake za ndani kama udhuru wa kutotimiza mkataba. Serikali haiwezi kujitetea kwa kusema kwamba kosa lilifanywa na manispaa ambayo kikatiba inajitegemea.

Matokeo yake yanaonekana katika kesi ya kampuni ya Marekani iitwayo Metalclad dhidi ya Mexico. Kampuni hiyo ilijenga dampo la taka za sumu katika manispaa ya Guadalcázar, jimbo la San Luis Potosí, ikiwa na vibali vya serikali kuu. Manispaa ilidai kwamba kibali chake cha ujenzi pia kilihitajika, kisha ikakikataa mwaka 1995. Wakazi walikuwa na hofu kwa sababu taka zilikwisha kuwekwa hapo tangu zamani, na siku ya ufunguzi waandamanaji waliziba njia. Kampuni ilishtaki chini ya Mkataba wa Biashara Huria wa Amerika ya Kaskazini. Tarehe 30 Agosti 2000 baraza la usuluhishi liliiamuru Mexico ilipe dola za Marekani 16,685,000. Mwaka uliofuata mahakama ya British Columbia nchini Kanada, palipokuwa makao ya usuluhishi huo, ilitengua sehemu ya uamuzi, ila fidia kwa sehemu kubwa ilibaki.

Manispaa ya Guadalcázar haikuwa mhusika wa kesi hiyo. Sababu zake zilielezwa na mawakili wa serikali kuu, ile ile iliyokuwa imetoa vibali ilivyovipinga. Wanaotetea utaratibu huu husema kwamba mwekezaji anahitaji kushughulika na mtu mmoja tu, yaani dola, badala ya kutangatanga kati ya ofisi. Hoja hiyo ina uzito. Lakini inaacha wazi jambo moja, kwamba halmashauri inayojua kuwa uamuzi wake unaweza kuigharimu nchi mamilioni hujifunza kunyamaza.

Afrika ya Mashariki ina mfano wake, nao ni maji ya Dar es Salaam. Mwaka 2003 mamlaka ya maji ya jiji hilo, DAWASA, ilikodisha huduma kwa kampuni ya City Water kwa mkataba wa miaka kumi. Wenye hisa nyingi katika kampuni hiyo walikuwa Biwater ya Uingereza na Gauff ya Ujerumani, pamoja na mshirika wa Tanzania. Ukodishaji huo ulikuwa sehemu ya mradi wa dola za Marekani milioni 140 uliogharimiwa na Benki ya Dunia na wafadhili wengine. Mei 2005 serikali ilitangaza kuuvunja mkataba, na mwezi uliofuata viongozi wa kigeni wa kampuni walitolewa nchini.

Mgogoro huo ulizaa mashauri mawili. La kwanza lilikuwa la mkataba wenyewe wa ukodishaji, kati ya City Water na DAWASA, na DAWASA ilishinda. La pili lilifunguliwa chini ya mkataba wa uwekezaji kati ya Uingereza na Tanzania, na hapo mshtakiwa alikuwa Jamhuri ya Muungano. Uamuzi wa tarehe 24 Julai 2008 ulisema kwamba Tanzania ilivunja mkataba huo kwa namna ilivyoiondoa kampuni, lakini haikupaswa kulipa fidia, kwani biashara ya kampuni ilikuwa imekwisha kupoteza thamani kabla ya hapo.

Jambo linalokumbukwa zaidi na wanasheria ni la mwaka 2007. Mashirika matano ya kiraia, matatu kati yake ya Tanzania, yaliruhusiwa kuwasilisha maoni ya maandishi kuhusu haki ya maji na maslahi ya umma. Hayakuruhusiwa kuhudhuria vikao wala kusoma nyaraka za kesi. Halmashauri ya Jiji haikuwa mhusika. Mtu aliyechota maji kwa ndoo Manzese au Tandale aliwakilishwa, kama aliwakilishwa, na mashirika hayo.

Miji mbele ya mahakama

Ni madola pekee yanayoweza kuwa wahusika wa kesi mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Haki mjini The Hague. Hata hivyo miji miwili imewahi kusikika humo. Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa liliomba maoni ya ushauri kuhusu uhalali wa silaha za nyuklia, na tarehe 7 Novemba 1995 meya wa Hiroshima, Takashi Hiraoka, na meya wa Nagasaki, Iccho Itoh, walizungumza mbele ya majaji. Walikuwa wamekaa katika ujumbe wa serikali ya Japani, kwa kuwa hapakuwa na kiti kingine cha kukalia. Mwakilishi wa serikali alitahadharisha mapema kwamba maneno ya mameya yanayozidi maelezo ya yaliyotokea si lazima yawe msimamo wa serikali.

Tahadhari hiyo ilikuwa na maana. Serikali ya Japani, nchi inayolindwa kwa mapatano yake na Marekani, haikusema waziwazi kwamba matumizi ya silaha hizo ni haramu. Mameya wote wawili walisema hivyo. Itoh alionyesha pia picha za waathirika wa mji wake. Katika maoni yake ya tarehe 8 Julai 1996 mahakama ilisema kwamba matumizi ya silaha za nyuklia kwa jumla yanapingana na sheria za vita, lakini ikashindwa kuamua kuhusu dola iliyo katika hatari ya kuangamia. Kura zilikuwa saba kwa saba, na ile ya rais wa mahakama ndiyo iliyoamua.

Katika Umoja wa Ulaya miji ilikaribia kufungua mlango wenyewe. Mwaka 2016 Kamisheni ya Ulaya ilipanga viwango vya moshi kwa magari ya dizeli vilivyoruhusu kuzidi kikomo cha awali kwa muda, hadi zaidi ya mara mbili. Paris, Brussels na Madrid zilishtaki, zikisema kwamba viwango hivyo vinazinyima uwezo wa kuzuia magari machafu katika mitaa yao. Mahakama ya ngazi ya kwanza ilizikubalia tarehe 13 Desemba 2018. Tarehe 13 Januari 2022 mahakama ya juu iliutengua uamuzi huo kwa sababu kanuni hiyo haikuigusa miji moja kwa moja, hivyo haikuwa na haki ya kushtaki. Mahakama haikufika kwenye swali la hewa yenyewe.

Mitandao ya miji

Kwa kuwa milango ya madola ni migumu, miji imejenga vyama vyake. Cha kwanza cha kimataifa kilianzishwa Ghent, Ubelgiji, mwaka 1913. Mrithi wake ni shirika la Miji na Serikali za Mitaa Zilizoungana, lililoundwa mwaka 2004 na lenye makao Barcelona. Mwaka 1982 meya wa Hiroshima alianzisha umoja wa Mameya kwa Ajili ya Amani, wenye miji wanachama zaidi ya 8,000. ICLEI ya mwaka 1990 inashughulikia mazingira, na C40, iliyotokana na mkutano ulioitwa na meya wa London mwaka 2005, inakusanya majiji makubwa kuhusu tabianchi.

Katika Umoja wa Mataifa vyama hivi vina nafasi ya ushauri tu. Mkutano wa Rio wa mwaka 1992 ulizipanga serikali za mitaa kuwa mojawapo ya makundi tisa ya wadau, pamoja na vijana, wakulima, wafanyabiashara na mashirika yasiyo ya kiserikali. Mpangilio huo una kasoro, kwani halmashauri iliyochaguliwa kwa kura na yenye mamlaka ya kutoza ushuru si chama cha hiari.

Hatua kubwa zaidi zilifikiwa mwaka 2015. Malengo ya Maendeleo Endelevu yalitenga lengo la 11 kwa ajili ya miji, na uamuzi uliopitisha Mkataba wa Paris uliitaja miji kati ya wadau wasio wanachama wanaoalikwa kuongeza juhudi. Mwaliko si haki, ila ulitumika upesi. Tarehe 1 Juni 2017 rais wa Marekani, Donald Trump, alitangaza kujitoa katika mkataba huo akisema alichaguliwa na watu wa Pittsburgh na si wa Paris. Siku hiyohiyo meya wa Pittsburgh, Bill Peduto, alijibu kwamba mji wake utaendelea kufuata malengo ya Paris. Kisheria jibu hilo halikubadilisha chochote katika wajibu wa Marekani. Kivitendo lilikuwa na uzito, kwa sababu mabasi, majengo na taka za Pittsburgh haviongozwi kutoka Washington.

Kabla ya hapo, mwaka 1998, San Francisco ilikuwa imeuingiza katika sheria zake ndogo Mkataba wa Kutokomeza Aina Zote za Ubaguzi dhidi ya Wanawake, ambao Marekani iliutia sahihi mwaka 1980 bila kuuridhia mpaka leo. Mji haukuweza kuuridhia mkataba, ila uliweza kuutii.

Fedha

Mji usio na uwezo wa kukopa hauwezi kutekeleza ahadi kubwa. Benki ya Dunia, kwa katiba yake, haiwezi kumkopesha asiye mwanachama bila dhamana ya serikali ya nchi, hivyo ombi la jiji hupita kwanza kwa wizara ya fedha. Nchini Kenya, ambako Nairobi, Mombasa na Kisumu zinatawaliwa kama kaunti au ndani ya kaunti, kifungu cha 212 cha Katiba ya mwaka 2010 kinaruhusu kaunti kukopa ikiwa tu serikali ya taifa imedhamini na bunge la kaunti limekubali.

Dakar ilijaribu njia nyingine. Jiji hilo lilijiandaa kwa miaka kadhaa kuuza hatifungani za faranga za CFA bilioni 20, kwa ajili hasa ya kujenga soko la wachuuzi. Februari 2015, karibu na siku ya kuanza mauzo, serikali ya Senegal iliyazuia, ikieleza wasiwasi juu ya deni la taifa. Meya wa wakati huo, Khalifa Sall, alikuwa mpinzani wa rais, na wengi waliona siasa nyuma ya uamuzi huo. Maelezo yote mawili yanaweza kuwa kweli kwa pamoja: jiji likishindwa kulipa, wadai hubisha hodi kwa serikali kuu.

Ukosoaji

Wapo wanaotaka miji ipewe mamlaka zaidi duniani. Mmoja wao alikuwa Benjamin Barber, mwanasayansi ya siasa wa Marekani, ambaye wazo lake lilizaa Bunge la Mameya la Dunia, lililokutana mara ya kwanza The Hague mwaka 2016. Wapinzani hujibu kwamba mitandao inaongozwa na majiji yenye fedha na watumishi wa kutosha kuhudhuria mikutano. Mji mdogo wenye mhandisi mmoja hauna wa kumtuma. Aidha ahadi za mameya mara nyingi hazikaguliwi na yeyote, na baadhi ya mitandao hutegemea fedha za matajiri wachache. Isisahaulike pia kwamba halmashauri yenyewe inaweza kuvunja haki za binadamu, kwa mfano inapobomoa makazi ya maskini bila taarifa.

Afrika ya Mashariki

Uhusiano wa kirafiki kati ya miji ndiyo njia ya zamani zaidi ambayo miji ya eneo hili imeitumia tangu uhuru. Mwanza ina udugu na Würzburg ya Ujerumani tangu mwaka 1966 na Tampere ya Ufini tangu 1988. Mombasa na Seattle tangu 1981. Dar es Salaam na Hamburg tangu 2010. Makubaliano hayo si mikataba ya kimataifa, na husimama kwa nia njema ya pande zote.

Miji mingine ni wenyeji wa taasisi. Nairobi ina makao makuu ya mashirika mawili ya Umoja wa Mataifa, la mazingira na la makazi, na hilo la pili, lililoanzishwa mwaka 1978, ndilo linaloshughulikia miji ya dunia nzima. Arusha ni makao ya Jumuiya ya Afrika Mashariki na ya Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, na mwaka 1995 ilichaguliwa na Baraza la Usalama kuwa makao ya mahakama ya mauaji ya kimbari ya Rwanda, iliyofungwa mwaka 2015. Mikataba ya uenyeji ilitiwa sahihi na serikali za Kenya na Tanzania. Maji, barabara na nyumba za wageni hao vilibaki kuwa kazi ya mji.